Kamera Kubwa na Sura Ndogo

Maandishi ya kusifia kamera yamekuwa fasihi ya aina yake. Nimeyasoma kwa miaka mingi, kwanza katika majarida ya Kiingereza yaliyotufikia huku yakiwa yamechakaa, baadaye katika vijitabu vya maduka, na siku hizi katika simu za vijana wangu. Fasihi hiyo ina kanuni zake kama zilivyo na kanuni tenzi. Huanza na uzito wa mtambo mkononi. Hufuata hesabu ya pikseli. Kisha mwandishi hupiga picha ya ukuta wa matofali, ya paka wake aliyelala dirishani, na ya barabara ya mji yenye taa usiku. Hatimaye hutoa hukumu, kwamba kamera ya mwaka jana, ambayo mwaka jana yeye mwenyewe aliiita ajabu, sasa haifai tena. Sijaona hata mmoja wa wahakiki hao akiipima kamera ndani ya nyumba yenye msiba, saa tano usiku, taa moja ya sola ikiwa imetundikwa kwenye boriti na moshi wa jikoni ukiwaingia watu machoni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka karibu yote hiyo nimekuwa pia mpiga picha wa Masoko na vijiji vya jirani, kilomita kama 15 kutoka Tukuyu. Napiga harusi, kipaimara, mahafali, picha ndogo za fomu, na misiba. Nilianza na Zenit ya Kirusi, nzito kama jembe jipya, na filamu zake nilizipeleka Mbeya kusafishwa. Sasa natumia Nikon D90, kamera iliyotoka mwaka 2008, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, pamoja na lenzi yake ya milimita 50. Mwaka huu mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam ameniletea habari za kamera ya kizazi kingine, Z6 ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka mwaka 2018. Mwenyewe anaiuza kwa sababu naye anahamia kwenye mpya zaidi. Bei yake, pamoja na lenzi moja na kiungo cha kuvishia lenzi za zamani, ni sawa na mitamba wawili wa maziwa. Mimi ninao watatu.

"Mjomba," alinambia kwa simu, "uza wawili. Utaona tofauti."

Neno hilo "tofauti" ndilo ninalotaka kulihakiki. Tofauti gani, na katika picha ipi?

Msomaji ambaye hajaishi kijijini pengine hajui picha ya msiba ni kitu gani kwetu. Mtu akifariki, kabla hata fundi hajamaliza jeneza, hutumwa kijana kutafuta picha. Itakuzwa, itawekwa fremu, itatangulizwa mbele ya jeneza, na baada ya mazishi itatundikwa sebuleni kwa miaka thelathini ijayo. Kwa wajukuu ambao bado hawajazaliwa, hiyo ndiyo itakuwa sura ya babu au bibi. Sasa taabu ni kwamba aghalabu marehemu hana picha yake. Hajapata kuketi peke yake mbele ya kamera tangu siku alipopigwa ya kitambulisho cha kupigia kura. Ipo ya kundi tu, watu arobaini mbele ya kanisa, naye yuko mstari wa nyuma, nusu ya kidevu imefichwa na kofia ya mtu mwingine.

Mwaka juzi binti wa jirani yangu alinigongea usiku. "Shikamoo, Mwalimu. Mama ametuacha. Tunaomba ile ya kipaimara, umkuze." Nikaitafuta, nikaipata, nikaikata, nikaikuza hadi ukubwa wa karatasi ya A3 kama walivyotaka. Ilipotoka mashineni ilikuwa ni vijisanduku. Ukisimama hatua tano ni mama. Ukisogea ni viraka vya kahawia. Binti akaitazama muda mrefu, akasema, "Ndaga fijo, Mwalimu. Macho ni yake." Picha ile ingali ukutani kwao, na kila nikienda kunywa chai naketishwa mkabala nayo.

Hapo mpwa wangu ana hoja. Kama kuna mahali pikseli zina maana, basi ni kwenye uso wa mwanamke yule. Hebu basi tufanye hesabu, maana wauzaji wa kamera huanza nayo lakini hawaimalizi.

Picha ya D90 ina pikseli 4,288 kwa upana. Mstari wa watu kumi na wanne ukijaza fremu, kila mmoja anapata pikseli kama 300, mabega kwa mabega. Karatasi ya A3 iliyosimamishwa ina upana wa milimita 297. Kwa hiyo nilipomkuza mama yule, kila pikseli ilikaa milimita moja nzima ya karatasi. Ndiyo maana tuliona vijisanduku. Sasa tuchukue kamera mpya. Ina pikseli milioni 24 badala ya 12, yaani mara mbili, na mara mbili ni neno linalopendeza masikio. Lakini mara mbili hiyo imegawanywa kwa upana na kwa urefu. Upana wake ni pikseli 6,048. Gawanya kwa watu kumi na wanne, mama anapata kama 430. Kijisanduku chake kinapungua kutoka milimita moja hadi kama milimita 0.7.

Mitamba wawili, kwa sehemu tatu za kumi za milimita.

Halafu tufanye hesabu ya tatu, ambayo haimo katika kijitabu chochote cha duka. Siku ileile ya kipaimara, baada ya kundi kutawanyika, mama angeombwa asogee hatua chache asimame peke yake kivulini kwa nusu dakika, mbele ya kamera ileile kuukuu. Fremu iliyosimamishwa ya D90 ina upana wa pikseli 2,848. Kila milimita ya A3 ingepata pikseli tisa na zaidi. Tungehesabu nyusi zake.

Msomaji ataona ninakoelekea, na pengine ataanza kutikisa kichwa kwa kukubali, kwamba mtambo si kitu na jicho ndilo kila kitu. Naomba asikubali upesi hivyo. Msemo huo nao umekuwa wimbo, na wanaouimba hupenda kumtaja marehemu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika, akaanza utotoni na kamera ya sanduku, Box Brownie, kisha akawa ndiye aliyepiga filamu ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984 iliyoitikisa dunia. Tazama, husema, alianza na sanduku! Kweli alianza nalo, lakini hakukaa nalo. Njaa ile ya Korem hakuipiga kwa Brownie. Na mwaka 1991, alipopoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, alitengenezewa mkono wa bandia ili aweze kuendelea kushika kamera, akaendelea mpaka alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa mwaka 1996. Mtu aliyeona mtambo si kitu asingehangaika hivyo. Wanaolitaja sanduku lake na kuusahau mkono wake wanasimulia nusu ya maisha yake.

Liko pia jambo la rangi ya ngozi, na hapa mtambo una kesi ya kujibu. Wenye umri wangu wanazikumbuka picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980. Bwana harusi alikuwa suti na meno, uso umezama. Tulidhani ni jua, au ni mpiga picha, au ni sisi wenyewe. Kumbe kiwandani walikuwa na kipimo. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikipeleka katika maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi walirekebisha rangi za mashine mpaka ngozi ya mama huyo ionekane sawa. Waliiita kadi ya Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Ngozi ya Shirley ikishakaa sawa, kazi imekwisha. Ya kwetu ilitoka itokavyo. Inasemekana waliosaidia kubadilisha mambo hawakuwa watu weusi waliolalamika, bali watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliotaka rangi zao za kahawia zitofautiane vizuri katika matangazo. Katika miaka ya 1980 Kodak walipotoa filamu iliyoboreshwa, walijisifu kwamba inaweza kuonyesha maungo ya farasi mweusi katika mwanga hafifu. Farasi! Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Nayasema haya kwa sababu anayesema kamera zote ni sawa hakuwahi kuwa upande wa giza wa filamu ile. Kamera za sasa zimepiga hatua hapo, na hatua hiyo nimeiona kwa macho yangu kijana mmoja aliponipa Z6 yake niishike kwenye harusi. Ndani ya nyumba, jioni, D90 yangu ikifikishwa kwenye ISO 3,200, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo chake cha kawaida, uso mweusi unajaa chengachenga kama pumba. Ile nyingine, katika mwanga uleule, ilionyesha mstari wa shavu na unyevu wa jicho. Hiyo ni tofauti ya kweli, wala si ya kijitabu. Huku kwetu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, mawingu yanakaa miezi, na watu wanaishi sana ndani. Mpiga picha wa Rungwe anayesema hahitaji kamera inayoona gizani, ama anapiga maua tu, ama anawamulika wazee usoni kwa flashi mpaka wafanane na watu waliokamatwa.

Kwa hiyo tumebaki na mambo mawili yasiyokubaliana. Kwa ukubwa wa sura, mitamba wawili hawanunui kitu. Kwa giza, wananunua.

Kabla sijaamua nilirudi kutazama picha za nchi hii zilizopigwa na wenye mitambo mikubwa kuliko yangu. Kongwe kuliko zote ninazozijua ni za Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, aliyezunguka huku mwishoni mwa karne ya 19 na kutoa mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma, pamoja na atlasi yake ya picha. Nimeona nakala za baadhi yake. Kwa ufundi siwezi kuzikosoa. Lakini Fülleborn alikuwa pia mtu wa vipimo vya maumbile. Watu amewapiga mbele, kisha ubavuni, kama anayekagua ng'ombe wa mnada, na wao wanaitazama kamera kama wanavyomtazama mganga asiyesema anatafuta nini. Ni picha zinazoonekana vizuri sana, nami sizioni kuwa zimemwona mtu.

Ziko pia picha za ziwa letu. Kila mgeni anayefika Masoko hulipiga, na zote ni moja: duara la maji ya kijani, miti kandokando, pengine na jengo la mawe la Wajerumani ambalo baadaye lilikuwa mahakama. Siku hizi zipo zilizopigwa kutoka angani. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walipokimbizwa na Waingereza mwaka 1916 walitumbukiza fedha zao ziwani, na kwa watu wa hapa ziwa ni hadithi hiyo kuliko ilivyo rangi ya maji. Kamera ya pikseli milioni 45 itamwonyesha mgeni majani mengi zaidi ya miti ileile.

Na iko picha ya tatu, ya tumbili, ambayo naipenda kuliko hizo zote. Wawindaji wa Kinyakyusa katika mlima Rungwe walikuwa wakimtaja mnyama mwenye haya anayeitwa kipunji. Wataalamu wengine walidhani ni hadithi. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society wakamwona, na mwaka uliofuata kundi jingine likamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa katika jarida la Science. Kwa kuwa wanyama hao ni wachache mno, hakuna aliyetaka kumwua mmoja ili awe kielelezo, basi maelezo yake ya kwanza yaliegemea picha. Wenzao wakabishana: je, picha inaweza kusimama mahali pa mnyama? Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima aliyekuwa akilinda mahindi, akapimwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Picha, basi, ilitosha kusema yupo, ila haikutosha kusema ni wa ukoo gani. Jina lake halikutoka katika kamera wala katika maabara. Lilikuwa tayari midomoni mwa wawindaji.

Picha ya msiba nayo ni ya namna hiyo. Kazi yake ni kusema: alikuwapo, na aliitwa hivi. Haidai majani yote ya mti, ila inadai uso, na uso huo uwe wake.

Basi nikarudi kwa mpwa wangu na maswali ya kifundi, maana mfumo si kamera tu. Tangu mwaka 1959 Nikon walikuwa na mdomo mmoja wa kuvishia lenzi, na lenzi yangu ni ya ukoo huo. Z6 ina mdomo mwingine, mpana zaidi na ulio karibu zaidi na kipokea mwanga. Kiungo kipo, lakini lenzi ya aina yangu huzungushwa na injini ndogo iliyomo ndani ya kamera, na kiungo kile hakina injini hiyo. Ningelazimika kulenga kwa mkono, kwa macho haya, gizani. Betri yake nayo imepimwa kiwandani kutoa picha 310, wakati ya D90 imepimwa 850. Na msiba wa Kinyakyusa si wa saa mbili, wala umeme wa hapa si wa kuapia. Sijaongeza habari ya kuvu, ambayo hula lenzi za wilaya hii bila kuuliza ni za mwaka gani. Zangu zinakaa katika kopo lililofungwa, pamoja na mfuko wa mchele uliokaangwa ukakauka. Mke wangu amekataza nisitumie wa Kyela.

Nimeamua hivi. Kuna kamera ya katikati ambayo wahakiki wamekwisha kuisahau, D750 ya mwaka 2014. Ina mdomo uleule wa 1959 na injini ya kuzungusha lenzi yangu. Kipokea mwanga chake ni kikubwa kama fremu ya filamu ya zamani, kwa hiyo gizani inaona mbali kuliko D90, na lenzi yangu ya milimita 50 itarudi kuona kwa upana wake kamili; kwa sasa, katika vyumba vyetu vidogo, nikitaka kumpata mtu na mkeka wake nagonga mgongo ukutani. Iliyotumika inapatikana kwa mtamba mmoja na kitu kidogo juu. Mpwa amesikitika kidogo. "Lakini Mjomba, hiyo ni ya zamani." Nimemwambia na mimi vilevile.

Mtamba ameuzwa Jumamosi. Wawili waliobaki ni wa ada ya shule, na hawataguswa.

Wakati nikiisubiri kamera ifike na basi, nimeanza kazi ambayo D90 inaimudu. Kila baada ya picha ya kundi nawaita wazee mmoja mmoja kivulini, na katika daftari naandika jina, la baba na la ukoo, kijiji, na tarehe. Hawalipi. Akina mama wengi wamekubali, wanatengeneza vitambaa vya kichwa, wanakaza midomo. Mzee mmoja wa kule chini karibu na ziwa amekataa katakata. Anasema picha ya mtu peke yake ni ya maiti, na kwamba nimepata wapi habari zake. Tulizungumza sana. Mwishowe akakubali kupigwa akiwa na ng'ombe wake. Ng'ombe amechukua nusu ya fremu, lakini kwa mzee zimebaki pikseli 1,900 kwa upana. Nimezihesabu.